Land Rover ya Zamani Ikizima Njiani: Uliza Kwanza Imezima Lini

Land Rover ya petroli ikizima barabarani, mkono wa kwanza huenda kwenye kabureta. Nimeyaona hayo hapa Tanga, Ngamiani, nimeyaona Pongwe, Mombo, na porini njia ya Pangani: boneti inafunguliwa, mtu anadaka bisibisi, anaanza kuzungusha skrubu ambazo hazikuwa na kosa lolote. Baada ya nusu saa gari lina matatizo mawili, lile lililokuja nalo na lile alilolisababisha yeye.

Fundi aliyenifunza, mzee wa Ngamiani ambaye alianza kuzishika gari hizi zilipokuwa bado zinazunguka kwenye mashamba ya mkonge, hana haraka hiyo. Siku ya kwanza nilimpelekea langu likiwa limefungwa kamba nyuma ya pikapu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika marahaba, akafuta mikono, akauliza hali ya nyumbani. Nikamwambia gari limezima. "Limezima lini, mwanangu? Likiwa la moto au la baridi? Mlimani au tambarare? Ulikuwa umekwenda kilomita ngapi? Ukisubiri linawaka?" Nilikuwa na majibu mawili tu. Akasema basi nikakae chini nikumbuke, yeye amalizie breki za mtu mwingine.

Nilikasirika siku ile. Sasa nafanya kama yeye. Kwa sababu mfumo wa petroli wa gari la zamani ni mnyoofu, kitu kimoja baada ya kingine, na kila ugonjwa una saa yake.

Njia ya petroli

Gari ninalolisema ni Land Rover Series IIA ya inchi 88 (kipimo cha kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma), aina iliyotengenezwa Uingereza kati ya 1961 na 1971, injini ya petroli ya lita 2.25, kabureta ya Zenith. Mwenye Peugeot 404 au Datsun ya miaka hiyo mengi ya hapa yatamfaa, maana pampu zao nazo huendeshwa na kemshafti, ule mhimili wenye vinundu ndani ya injini, si umeme.

Tanki liko chini ya kiti cha dereva. Petroli inatoka humo kupitia chujio la waya, inaingia bomba la chuma, inapita kipande cha mpira, inafika kwenye kikombe cha kioo cha pampu. Ndani ya pampu kuna diaframu, kile kipande chembamba kinachopanda na kushuka, na valvu mbili ndogo. Kutoka hapo petroli inasukumwa hadi kabureta, inapita kwenye sindano inayofungwa na boya, inajaza bakuli, ndipo inanyonywa kupitia jeti, vile vitundu vidogo vya kabureta.

Kuanzia tanki hadi pampu petroli *inavutwa*. Kuanzia pampu hadi kabureta *inasukumwa*. Bomba likipasuka upande wa kusukuma utaona petroli inadondoka na utanusa. Likipasuka upande wa kuvuta halidondoshi hata tone. Linavuta hewa kimyakimya, na gari linakosa nguvu huku kila kitu kikiwa kikavu. Watu wengi huhangaika miezi kwa kutojua hili moja tu.

Kabla ya kugusa chochote

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini, unaingia kwenye shimo la gereji, unafika kwenye jiko la mkaa la mama anayepika chapati hatua kumi kutoka hapo. Ongea naye kwa adabu asogeze jiko, au wewe usogeze gari. Chomoa waya wa betri. Sigara hapana, tochi ya umeme ndiyo, mtungi wa unga wa kuzimia moto uwe karibu. Na ile tabia ya kunyonya petroli kwa mdomo kwenye mpira tuiache kabisa: ikiteleza kuingia kwenye mapafu huenda hospitali ikakulaza. Pampu ndogo ya mkono inatosha.

Halafu hakikisha ni mafuta kweli. Piga stata kidogo, fungua plagi moja. Ikiwa kavu kabisa, petroli haifiki. Ikiwa imelowa, petroli inafika, pengine imezidi, na shida yaweza kuwa cheche. Jaribu cheche pia, hasa kwa gari linalozima likipata moto na kuwaka likipoa, maana koili iliyochoka, ile inayozalisha umeme wa cheche, hufanya hivyohivyo. Koili na petroli huigana vizuri sana. Dawa ni kupima *palepale* linapozima, kabla halijapoa, la sivyo utakuta kila kitu kizima.

Haliwaki asubuhi, likishawaka halina neno

Hili ndilo jepesi. Gari likikaa siku tatu nne kwenye joto la Tanga, petroli ya kwenye bakuli la kabureta huyeyuka kuwa mvuke, na iliyo bombani hurudi tankini taratibu kama valvu za pampu hazifungi sawasawa. Pampu ya Land Rover ina mkono mdogo wa kupigia kwa kidole. Upige mkono huo mpaka uhisi umekuwa mzito, kisha piga stata.

Mkono huo ukiwa mlegevu, hauvuti chochote, usiihukumu pampu bado. Pengine kemshafti imesimama mahali inapoishikilia diaframu. Zungusha injini mzunguko mmoja kwa hendeli, jaribu tena. Nimeona pampu nzima ikitupwa kwa sababu hii.

Ikiwa inakubidi kupampu kila asubuhi, hata gari likilala usiku mmoja tu, tazama gasketi ya kikombe cha kioo. Zilizotengenezwa kwa gome la kizibo (cork) zikikauka huingiza hewa. Washa injini, mulika kikombe kwa tochi: petroli safi imetulia, lakini ukiona mapovu yanapanda mfululizo, kuna hewa inaingia hapo au nyuma zaidi. Badilisha gasketi, kaza kwa vidole tu. Kioo kikipasuka kukipata kingine ni kazi.

Linakwenda vizuri, linazima, ukisubiri linawaka

Hapa ndipo fedha za watu zinapotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sababu ya kwanza ni kofia ya tanki. Petroli inapotoka, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Kofia ya asili ina tundu dogo la hewa. Likizibwa na vumbi na mafuta, au mtu akiweka kofia ya gari jingine isiyo na tundu, tanki linaanza kuvuta ndani mpaka pampu inashindwa. Gari linazima. Ukisubiri, hewa inapenya polepole, linawaka tena. Likizima tu, shuka ufungue kofia kabla ya kufungua boneti. Ukisikia "fyuu", umepata. Unaweza kuendesha mpaka nyumbani kwa kulegeza kofia, ila usijaze tanki mpaka juu.

Ya pili ni uchafu tankini. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na tanki la chuma lililo nusu tupu hupata kutu kwenye sehemu ya juu isiyoguswa na petroli. Kutu hilo hubanduka, huvutwa hadi kwenye chujio, hulifunika. Injini ikizima mvuto unakwisha, kutu linaanguka chini, gari linawaka kana kwamba halikuwa na kitu. Chomoa bomba *kabla* ya pampu, fungua kofia ya tanki, kisha puliza kuelekea tankini kwa pampu ya baiskeli, kitu ambacho Tanga hakikosekani kwenye nyumba yoyote. Usikie mapovu ndani ya tanki. Kama baada ya kupuliza gari linakwenda siku mbili halafu linarudia, usipulize tena. Shusha tanki.

Kulisafisha: mwaga yote kupitia nati ya chini, lioshe kwa mafuta ya taa, tia ndani konzi ya nati ndogo ulizozihesabu, litikise, toa nati zote ukizihesabu tena. Usitie mchanga wa baharini, unaacha chumvi. Likivuja, usikubali lichomelewe hivihivi eti halina kitu. Tanki tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Lipelekwe kwa mtu anayejua kulitayarisha, au utafute jingine.

Ya tatu ni mpira, na hii ilinipata mimi. Nilikuwa nimenunua dukani kipande cha mpira mweusi, nikaambiwa ni wa petroli. Mwezi wa pili gari likaanza kuzima njia ya Pangani. Likizima karibu na Kigombe, nasubiri dakika tano, linawaka, linakwenda, linazima tena. Nilifungua kofia, hakuna fyuu. Nilipuliza bomba, upepo ulipita bila shida. Nilisafisha kikombe. Nikamrudia mzee.

Safari hii nilikuwa na jibu lake: linazima nikifika kama kilomita 60 kwa saa, nikienda 40 halizimi kamwe. Hakushika bisibisi. Alichukua wembe, akauchomoa ule mpira uliokuwa kati ya bomba na pampu, akaupasua kwa urefu kama mtu anayepasua bamia. Ndani ulikuwa umevimba na kubanduka. Kipande chembamba kama ngozi ya vitunguu kilikuwa kimeshikilia upande mmoja tu, kikining'inia kama ulimi. Alikisukuma kwa kidole: huku kinalala, huku kinasimama na kuziba njia yote. Petroli ikivutwa taratibu ilipita pembeni. Ikivutwa kwa nguvu iliuinua ulimi. Na mimi nilipopuliza kurudi tankini niliulaza, nikadhani njia ni safi.

Kwa hiyo mpira wowote usioujua historia yake ubadilishe. Nunua wenye maandishi ubavuni yanayosema ni wa petroli, kata kipande kidogo, kiloweke kwenye chupa ya petroli siku kadhaa nje ya nyumba. Ukivimba au ukiwa laini kama ulimbo, rudisha. Mipira ya maji inayoonyesha ndani usiitumie hata kwa siku moja. Ikipata joto inalegea na kujibana yenyewe.

Ya nne ni joto. Petroli huanza kuchemka kwenye nyuzijoto 35 hadi 40 hivi, na chini ya boneti mchana wa Februari kuna zaidi ya hapo. Mvuke ukijaa upande wa kuvuta, pampu inabaki inabana mvuke badala ya petroli. Hutokea zaidi ukisimama na injini ya moto, umenunua machungwa Muheza, umerudi, gari haliwaki. Weka kitambaa cha maji baridi juu ya pampu na bomba lake. Likiwaka mara moja, umejua. Angalia kama bomba limegusa injini au ekzosi, lisogeze. Angalia pia kati ya kabureta na manifoldi, ile njia ya kuingizia petroli na hewa kwenye injini: panapaswa kuwa na kipande kinene cha kuzuia joto, na mara nyingi mtu amekitoa akaweka gasketi ya karatasi aliyoikata mwenyewe.

Wakati mwingine joto huchemsha petroli ya ndani ya kabureta ikamwagikia injini, na hapo plagi zitakuwa zimelowa, si kavu. Kanyaga mafuta mpaka mwisho, ushikilie hapohapo bila kupampu, piga stata. Usivute choki, ile ya kupunguza hewa kwenye kabureta.

Tambarare sawa, mlimani halina nguvu

Barabara ya Mombo kwenda Lushoto ni kipimo bora kuliko mashine yoyote ya gereji. Zaidi ya kilomita 30 za kupanda na kona, gia ya pili na ya tatu, injini inaomba petroli bila kupumzika. Gari lenye pampu dhaifu litafika Soni likipiga chafya kwenye kabureta. Chafya hiyo ni dalili ya petroli kidogo na hewa nyingi. (Kule juu, mita zipatazo 1,400 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya Raskazone, huku pwani Tanga, kwa hiyo kupungukiwa nguvu kidogo ni haki yake. Kupiga chafya si haki yake.)

Pima hivi. Zima swichi, chomoa bomba linaloingia kabureta, liingize kwenye chupa ya kioo. Mwenzako azungushe injini kwa hendeli. Pampu hupiga mara moja kwa kila mizunguko miwili, na kila pigo liruke kwa mkupuo mmoja wenye nguvu. Ikitoka kwa kuchuruzika, au inatema petroli na mapovu, rudi nyuma: kuna kuziba au hewa upande wa kuvuta, au diaframu imechoka.

Kujua ni ipi kati ya hizo, chomoa mpira unaoingia pampu, weka mwingine mzima, uchovye kwenye kidumu cha petroli safi kilichowekwa chini. Zungusha tena. Ikipiga vizuri, pampu haina kosa na ugonjwa uko nyuma yake. Ikiendelea kuchuruzika, ni pampu yenyewe.

Chomoa pia kijiti cha kupimia oili, ukinuse. Harufu ya petroli ni dalili kwamba diaframu imepasuka na petroli inashukia kwenye injini. Hapo usiendeshe hata hatua moja. Oili iliyochanganyika na petroli inakula beringi. Badilisha diaframu, mwaga oili, weka mpya.

Naomba nilisemee hili kwa uzito. Pampu ikifa, usimkubali anayetaka kukuwekea pampu ya umeme ya gari la kisasa la injekta. Pampu ya asili ina presha ndogo, chini ya psi 5 (psi ni kipimo cha presha). Ile ya injekta hutoa psi 40 na zaidi. Sindano ya Zenith haiwezi kuizuia, petroli itafurika juu ya manifoldi ya moto. Gari zimeungua hivi.

Moshi mweusi, harufu, petroli inamwagika

Hapa ndipo kabureta inapostahili kufunguliwa. Toa sindano uitazame ncha yake kwenye mwanga. Ikiwa na alama ya duara iliyochimbika, haifungi tena. Mara nyingi ni chembe ya kutu imekaa pale, na kusafisha kunatosha, ila hiyo chembe imetoka tankini na nyingine zinakuja.

Toa boya, litikise sikioni. Ukisikia petroli ndani limetoboka, limekuwa zito, haliinuki kufunga sindano. Likichovywa kwenye maji ya moto, mbali na jiko, povu litakuonyesha tundu lilipo.

Petroli yenyewe

Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya kikombe cha kioo yakiwa matone yanayoteleza kama zebaki. Wakati wa masika huwa nakitazama kila wiki. Jaza tanki jioni kuliko kuliacha nusu, na usinunue petroli ya madumu kama una namna nyingine.

Kuchanganywa na mafuta ya taa kulikuwa tatizo kubwa hadi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, walipoanza mpango wa kuweka vinasaba, yaani kemikali ya utambulisho, kwenye mafuta mwaka 2010. Ukishuku, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe kivulini. Petroli hukauka haraka na karatasi inabaki ilivyokuwa. Mafuta ya taa huacha doa la mafuta linaloteleza kwenye kidole.

Halishiki sailensa (kunguruma bila kukanyaga mafuta) bila choki

Kama linakwenda vizuri ukikanyaga lakini ukiachia linazima, na likivutwa choki kidogo linatulia, petroli inafika ila kuna hewa ya ziada. Kwenye Zenith tazama mahali pawili: kipete cha mpira kilicho kati ya kifuniko na kipande chenye jeti, na uso wa kifuniko chenyewe, ambao hupinda watu wakikaza skrubu kupita kiasi. Uweke juu ya kioo cha dirisha, jaribu kupitisha karatasi chini yake. Ikipita, usugue taratibu kwa msasa laini uliotandazwa juu ya kioo hichohicho, mpaka uso wote ung'ae kwa usawa.

Ukishafunga kila kitu, washa, acha lingurume dakika kumi. Pitisha kidole kwenye kila kiungo upande wa kusukuma, kimoja kimoja, hadi kabureta, ukinusa kidole kila mara. Kisha mulika kikombe cha kioo, ukae hapo ukitazama mapovu. Mimi hukaa dakika tatu nzima, halafu ndiyo nafunga boneti.